Anayesoma Madaftari Yote Mawili

Tarehe 9 Novemba 2015, siku nne tu baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli aliingia Hospitali ya Taifa ya Muhimbili bila hodi. Akakuta wagonjwa wamelala sakafuni. Akaambiwa mashine za MRI na CT-Scan ni mbovu, na wagonjwa wanalazimika kwenda kupima katika hospitali za binafsi. Bodi ya hospitali ikavunjwa, kaimu mkurugenzi mtendaji akaondolewa, na mkuu wa taasisi jirani ya mifupa, MOI, akapewa kukaimu. Siku chache baadaye mashine zilikuwa zinafanya kazi.

Nchi nzima iliizungumzia ziara ile, na wengi walifurahi. Lakini aliyeondolewa alikuwa daktari bingwa, na aliyeletwa alikuwa daktari bingwa. Kama udaktari ndio sifa ya kuongoza hospitali, wote wawili walikuwa nao. Basi mashine zile zililala kwa sababu gani, na ni ujuzi gani, au mamlaka gani, yaliyokosekana kabla msafara wa Rais haujafika mlangoni?

Kila nilipolifuata swali hili katika historia ya hospitali, nimekuta madaftari mawili. La kwanza ni la fedha: kilichopokelewa, kilichonunuliwa, kinachodaiwa. La pili ni la wagonjwa: nani ameingia, ametibiwa nini, ametoka mzima au amekufa. Kwa karne nyingi madaftari haya yameshikwa na watu wenye elimu tofauti, ambao aghalabu hawakukaa meza moja. Wagonjwa wengi wamekufa katika nafasi iliyo kati ya meza hizo mbili.

Tuanzie Baghdad. Mwaka 931, baada ya mgonjwa kufa kwa kosa la tabibu, Khalifa al-Muqtadir aliamuru matabibu wa mji ule wapimwe ujuzi wao kabla ya kuruhusiwa kutibu. Kazi hiyo alipewa Sinan ibn Thabit, na waliofika mbele yake walizidi 800. Miaka michache kabla ya hapo al-Razi, aliyefariki karibu mwaka 925, alikuwa ameongoza hospitali ya Rayy, kisha ya Baghdad. Alikuwa tabibu kwanza na kiongozi baadaye, na alikuwa na tabia moja ninayoipa uzito mkubwa: aliandika. Aliandika dalili za wagonjwa wake, alichowapa, na walivyoishia, hata pale dawa iliposhindwa. Baada ya kifo chake maandishi hayo yalikusanywa kuwa kitabu kikubwa cha al-Hawi. Huyu ndiye aliyeeleza kwa ufasaha tofauti ya ndui na surua, na tofauti kama hiyo haionekani kwa asiyeweka kumbukumbu.

Bimaristani, kama hospitali zile zilivyoitwa, ziliishi kwa wakfu. Sultani Qalawun alipojenga ya kwake mjini Cairo mwaka 1284, aliifungia mali ambazo kodi yake ingelipa dawa, chakula, matandiko na mishahara. Inasimuliwa kwamba aliweka nadhiri ya kuijenga alipougua akiwa Sham na kupona kwa dawa za bimaristani ya Nur al-Din ya Damascus, iliyoanzishwa mwaka 1154. Mali ya wakfu ilikuwa na msimamizi wake, na mara nyingi huyu hakuwa tabibu. Alikuwa mtu wa dola au wa sheria. Matabibu nao walikuwa na mkuu wao. Msimamizi hakuandika dawa, na mkuu wa matabibu hakugusa kodi. Mpango huo ulidumu kwa sababu hati ya wakfu iliwafunga wote wawili kwa mgonjwa: ilitaja wa kutibiwa, tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke, na ilitaja wanachostahili kupewa. Palipokuwa na msimamizi mwaminifu hospitali ilistawi. Alipokuja mla mali, tabibu hodari hakuwa na la kufanya.

Hospitali za Ulaya zilizaliwa katika nyumba za ibada, na funguo zake zilikaa kiunoni mwa watawa. Hôtel-Dieu ya Paris, jirani na kanisa kuu la Notre-Dame, ilihudumiwa na masista wa Mtakatifu Augustino. Ghala, jiko, shuka na wodi vilikuwa chini yao. Mwaka 1788 mpasuaji Jacques Tenon alichapisha uchunguzi wake wa hospitali za Paris. Alieleza vitanda vilivyobeba watu wanne, hata sita, aliye hai kando ya anayekata roho. Kwa hesabu yake, karibu wagonjwa wawili katika kila tisa waliolazwa Hôtel-Dieu hawakutoka hai. Sijui kama kuna aliyewahi kulifungua daftari la pili la hospitali ile hadharani namna hiyo kabla yake. Miaka hiyohiyo mpasuaji mkuu Pierre-Joseph Desault alitaka apite wodini kila siku na wanafunzi wake, na chakula cha mgonjwa kifuate amri ya mganga. Masista walipinga kwa nguvu. Kwao kumlisha maskini mwenye njaa lilikuwa tendo la huruma, halikuhitaji kibali cha mtu.

Si haki kuwabeza masista wale. Usiku, mganga akiwa nyumbani kwake, wao ndio waliokuwa wodini. Lakini walimhesabia mgonjwa sala na vikombe vya supu, na Tenon alihesabu maiti. Mapinduzi ya Ufaransa yalimaliza ubishi kwa kuitia hospitali mikononi mwa dola, na tangu mwaka 1801 hospitali za Paris zikawa chini ya baraza moja kuu.

Mtu anaweza kudhani kwamba tangu hapo jibu lilikuwa limepatikana: mpe daktari funguo. Vienna inatuonya. Katika wodi ya uzazi ya hospitali kuu ya mji ule, iliyokuwa chini ya Profesa Johann Klein, wanawake walikufa kwa homa ya uzazi kupita wale wa wodi ya jirani iliyohudumiwa na wakunga. Aprili 1847 vifo vilizidi asilimia 18. Katikati ya mwezi uliofuata msaidizi wake, Ignaz Semmelweis, aliwaamuru madaktari na wanafunzi wanaotoka kupasua maiti wanawe mikono kwa maji ya klorini. Juni vifo vikashuka hadi kama asilimia 2. Takwimu zilikuwa mezani, wazi kwa kila mwenye macho. Klein hakuzikubali, na mwaka 1849 mkataba wa Semmelweis haukuongezwa. Klein alikuwa daktari, profesa, mkuu wa idara yake. Alikosa utayari wa kuruhusu daftari limhukumu.

Florence Nightingale alifika Scutari, ng'ambo ya Istanbul, Novemba 1854, akiwa na wauguzi 38. Wengi wanamkumbuka na taa mkononi. Mimi namkumbuka na kalamu. Jeshi la Uingereza lilikuwa limegawa mamlaka ya hospitali zake vipandevipande: madaktari wana ofisi yao, ugavi una yake, majengo yana yake. Kila mmoja aliweza kuonyesha karatasi kwamba wajibu ule si wake, na askari waliendelea kufa. Februari 1855 vifo vilikaribia asilimia 42 ya waliotibiwa. Machi ilifika tume ya usafi kutoka London, ikazibua mifereji ya maji machafu na kufungua njia za hewa, na vifo vikaporomoka. Nightingale aliporudi nyumbani alifanya kazi na tarakimu hizo kwa miaka, akazichora kwa michoro ambayo waziri asiye na subira angeielewa kwa kutupia jicho. Shule yake ya uuguzi ilifunguliwa katika Hospitali ya St Thomas, London, mwaka 1860, na humo alitoka metroni wa kisasa: muuguzi mwenye elimu, mwenye amri wodini, asiyekuwa kijakazi wa daktari. Wanaouliza kama hospitali iongozwe na daktari au mtu wa utawala humsahau huyu wa tatu.

Marekani ilichukua njia ya vitendo. Hospitali nyingi ndogo ziliongozwa na wauguzi. Kubwa kama Johns Hopkins ya Baltimore, iliyofunguliwa mwaka 1889, ilimpata Henry Hurd, daktari wa magonjwa ya akili. Mwaka 1899 baadhi ya wakuu wa hospitali waliunda chama, ambacho baadaye kilikua na kuwa Chama cha Hospitali cha Marekani. Lakini mtu wa kipindi kile anayenivuta zaidi hakuwahi kuongoza hospitali kubwa yoyote.

Ernest Amory Codman alikuwa mpasuaji wa Hospitali Kuu ya Massachusetts, Boston. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulimeza: kila mgonjwa aandikiwe kadi, afuatiliwe mwaka mmoja baada ya matibabu, na ijulikane kama amepona, kama hajapona, ijulikane kwa nini, na kosa ni la nani. Alitaka wapasuaji wapandishwe vyeo kwa matokeo hayo na si kwa miaka waliyokaa kazini. Hospitali haikukubali, naye akajiuzulu mwaka 1914. Katika hospitali ndogo aliyoianzisha mwenyewe alichapisha matokeo ya wagonjwa 337 walioruhusiwa kati ya 1911 na 1916, na humo akakiri makosa 123. Mji wa Boston haukumsamehe. Hata hivyo wenzake katika Chuo cha Wapasuaji cha Marekani walilichukua wazo lake, wakaandika masharti machache ya chini kabisa ambayo hospitali inapaswa kuyatimiza, na wakakagua hospitali 692 zenye vitanda 100 au zaidi. Zilizofaulu zilikuwa 89. Kati ya zilizoanguka zilikuwamo zenye majina makubwa kabisa nchini. Mwaka 1919, katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, viongozi wa chuo hicho waliitia orodha ile motoni usiku, isije ikafika magazetini.

Kwangu moto ule una maana kubwa kuliko mitaala yote ya uongozi iliyofuata. Waliouwasha walikuwa madaktari waliosomea kuokoa maisha, na walijua wanachokificha.

Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 1934, Chuo Kikuu cha Chicago kilianza kozi ya shahada ya uzamili katika uendeshaji wa hospitali, chini ya Michael Davis. Mtihani wa kutibu ulikuwapo Baghdad tangu mwaka 931. Masomo rasmi ya kuongoza nyumba ya tiba yalisubiri miaka elfu moja na zaidi. Kutoka Chicago mfano ulienea vyuo vingine, na baada ya muda hospitali nyingi za Marekani zikawa mikononi mwa wahitimu wa utawala ambao hawakuwahi kumshika mgonjwa mkono.

Uingereza ilifika huko kwa kuzunguka. Huduma ya taifa ya afya ilipoanza Julai 1948, hospitali nyingi ziliongozwa na watu watatu: daktari mwandamizi, metroni na katibu wa hospitali. Hakuna aliyekuwa mkubwa wa mwenzake. Mwaka 1983 serikali ya Margaret Thatcher ilimpa Roy Griffiths, mkurugenzi wa maduka makubwa ya Sainsbury's, kazi ya kuchunguza uendeshaji huo. Alichokiona ni kwamba haijulikani nani mwenye dhamana. Akashauri kila hospitali iwe na meneja mkuu mmoja, wa taaluma yoyote, mradi anaweza kazi. Wengi walioteuliwa hawakutoka wodini.

Yaliyotokea baadaye yanawatia aibu wenye majibu mepesi. Kwa upande mmoja kuna Mid Staffordshire. Kati ya 2005 na 2009 uongozi wa hospitali ile ulikaza macho kwenye bajeti na kwenye kupata hadhi mpya ya kujitegemea, huku wagonjwa wazee wakikosa maji ya kunywa na wengine wakiachwa katika uchafu wao. Ripoti ya uchunguzi wa umma iliyotoka Februari 2013 inaumiza kuisoma. Kwa upande mwingine kuna Bristol. Huko watoto wachanga waliopasuliwa moyo walikufa kuliko kwingine. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 ulikadiria kwamba kati ya 1991 na 1995 walikufa watoto 30 hadi 35 wa chini ya mwaka mmoja zaidi ya waliotarajiwa katika kituo cha kawaida. Daktari wa usingizi, Stephen Bolsin, alikuwa amekusanya takwimu na kutoa onyo. Mkurugenzi mtendaji wa hospitali alikuwa daktari. Mwaka 1998 baraza la madaktari lilimfutia usajili, na rufaa yake ilipokataliwa mwaka uliofuata msimamo ukawa huu: daktari anayekaa kiti cha utawala haachi wajibu wake wa kitabibu mlangoni. Naiona hukumu hiyo kuwa miongoni mwa maneno mazito kuliko yote yaliyowahi kusemwa kuhusu sifa za kuongoza hospitali.

Mataifa mengine yamefunga mjadala kwa sheria. Japani inadai msimamizi wa hospitali awe daktari. Ufaransa huwafundisha wakurugenzi wake katika shule maalumu mjini Rennes, na sheria ya mwaka 2009 iliwaongezea nguvu juu ya madaktari, jambo lililozua manung'uniko ambayo hayajaisha. Hospitali za Ujerumani kwa kawaida huwa na viongozi watatu: wa tiba, wa uuguzi na wa utawala. Mwaka 2011 mtafiti Amanda Goodall alizitazama hospitali za juu za Marekani na kukuta kwamba zile zinazoongozwa na madaktari zilikuwa na alama za ubora zilizozidi nyingine kwa takriban asilimia 25. Mwenyewe alikuwa mwangalifu: huenda daktari ndiye anayeifanya hospitali kuwa bora, na huenda hospitali bora ndiyo inayomvuta daktari bora. Wanaomnukuu katika vikao vya kuwania vyeo huiacha nusu hiyo ya pili.

Kwetu Afrika Mashariki hospitali ya kisasa ilianza na mtu mmoja aliyefanya kila kitu. Albert Cook alifungua hospitali ya Mengo, Uganda, mwaka 1897. Alipasua, akatafuta fedha kwa barua, akasimamia ujenzi. Katharine Timpson, muuguzi aliyefika katika msafara uleule na akaolewa naye mwaka 1900, aliongoza uuguzi na kuanzisha mafunzo ya wakunga. Na waliandika: kumbukumbu za wagonjwa wa Mengo tangu mwanzo wake bado zimehifadhiwa Makerere. Haikuwa bahati kwamba mwaka 1901 Cook na ndugu yake ndio waliotambua wagonjwa wa mwanzo wa malale nchini Uganda. Kusini mwa Tanganyika, Leader Stirling alifika mwaka 1935 na kuijenga hospitali ya misheni ya Lulindi kutoka vibanda vya nyasi. Miaka 40 baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Watu wa namna hii waliyashika madaftari yote mawili kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuyashika, na kumbukumbu yao imetuachia imani kwamba daktari mzuri huweza yote. Hospitali yao ilikuwa na wodi chache na mfuko mmoja.

Hospitali za serikali za kikoloni zilikuwa jambo jingine. Dar es Salaam, mfanyabiashara Sewa Haji Paroo alitoa mali kwa hospitali ya Waafrika na Wahindi. Wazungu walijengewa yao ufukweni, Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897. Kiongozi alikuwa daktari wa Kizungu aliyewajibika kwa mkurugenzi wa tiba wa koloni. Mwafrika alikuwa dresa, mfagiaji, au mgonjwa. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12, kwa hesabu ambayo Mwalimu Nyerere aliirudia mara nyingi. Katika uhaba kama ule haikuwezekana kuuliza kama daktari anajua bajeti. Alipatikana, akapewa wilaya nzima.

Hapo ndipo ulipozaliwa utaratibu tunaoishi nao. Mganga mfawidhi wa hospitali ni daktari aliyepanda kwa ukongwe na kwa sifa ya kutibu. Muuguzi mkuu anasimamia wodi. Kisha kuna katibu wa afya, kada iliyoundwa kubeba utumishi, majengo, magari, ugavi na vikao, ambayo katika hospitali nyingi huonekana kama karani wa mfawidhi. Kwa miaka mingi haikudhuru sana, kwa sababu fedha hazikuwa mikononi mwa hospitali. Dawa zililetwa, mishahara ililetwa, na visipoletwa lawama zilikwenda Wizarani.

Mambo yalibadilika kwa hatua. Mwaka 1993 hospitali za umma Tanzania zilianza kuwatoza wagonjwa, na ghafla kukawa na dirisha la malipo, sera ya misamaha, na fedha taslimu ndani ya jengo. Ikafuata bima. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo vya afya na zahanati vilianza kupokea fedha moja kwa moja katika akaunti zao wenyewe. Kenya ilikabidhi hospitali zake kwa kaunti mwaka 2013, na mwaka 2023 ikatunga sheria inayoruhusu vituo vya umma kubaki na mapato yao na kuyatumia. Mwaka huohuo Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Maana yake ni kwamba fomu ya bima iliyojazwa vibaya wodini ni dawa isiyonunuliwa mwezi ujao. Mfawidhi asiyefuatilia madai yaliyokataliwa, na sababu za kukataliwa, anakata tawi alilokalia. Hakuna aliyemfundisha hayo alipokuwa anajifunza kumzalisha mama kwa upasuaji.

Mfano wa Hospitali ya Kenyatta, nchini Kenya, unaonyesha upande wa daftari la pili. Februari 2018, katika hospitali hiyo ya taifa yenye vitanda karibu 1,800, mgonjwa alifunguliwa fuvu kumbe aliyepaswa kupasuliwa ni mwingine. Waziri alimpeleka mkurugenzi mtendaji likizo ya lazima. Daktari aliyefanya upasuaji na wenzake walisimamishwa, na madaktari waliokuwa masomoni wakasusa kazi kumtetea. Mjadala ukageuka haraka kuwa wa taaluma: hospitali ya rufaa ya taifa iongozwe na daktari au la? Ningependa tungelijadili swali lililo karibu zaidi na mgonjwa: ni nani mwenye amri anayepita kuhakiki kwamba jina la mgonjwa linasomwa na kulinganishwa kabla ya kisu, na anayepata taarifa siku lisiposomwa? Huyo anaweza kuwa daktari au asiwe, lakini lazima ajue thieta inavyofanya kazi saa nane za usiku, watu wawili wakiwa zamu ya watu watano.

Kwa hiyo nasimama wapi? Naamini kiongozi wa hospitali atoke miongoni mwa waliomhudumia mgonjwa. Sababu yangu ni daftari la pili. Mtu asiyejua wodi hupokea taarifa kwamba vifo vya uzazi mwezi huu ni vitatu, na huitia saini. Aliyewahi kusimama pale huuliza damu ilichelewa wapi, gari la wagonjwa lilikuwa wapi, aliyempokea mama yule alikuwa ana uzoefu gani. Maswali hayo huja yenyewe kwa aliyeyaishi.

Lakini kutoka wodini hakutoshi, na Vienna, New York na Bristol zimelithibitisha hilo kwa maisha ya watu. Daktari anayeteuliwa anapaswa kusomea kazi hiyo kabla ya kukalia kiti. Leo mara nyingi barua ya uteuzi hutangulia, semina ya wiki moja hufuata baadaye, pengine. Chuo Kikuu cha Mzumbe hufundisha usimamizi wa mifumo ya afya. Wahitimu na uwezo wa kufundisha vipo nchini. Mwaka mmoja wa kumsaidia mfawidhi mwingine, akishughulika na manunuzi, maoteo ya dawa za kuagizwa Bohari ya Dawa, mikataba ya matengenezo ya mashine na mashauri ya nidhamu, ungemwandaa mtu kuliko cheti chochote. Na ukaguzi wa vifo uwe kazi yake mwenyewe, asiukabidhi kwa mwingine hata siku moja. Katibu wa afya naye apewe heshima ya taaluma yake na sauti ya kumwambia bosi wake kwamba fedha hii haitoshi au haihusiki.

Kuna pingamizi moja zito. Madaktari bingwa wetu ni wachache. Kumtoa mpasuaji thieta ili asome hati za malipo ni kuwanyima wagonjwa mikono yake, na wengi waliofanyiwa hivyo huishia nusu huku nusu kule, asubuhi vikao, mchana upasuaji, na kazi zote mbili zikazorota. Denis Mukwege ameweza, katika hospitali ya Panzi, Bukavu, aliyoianzisha mwaka 1999, kuwa mpasuaji na kiongozi kwa pamoja, na dunia ikamtunuku Nobel mwaka 2018. Hatuwezi kujenga utumishi wa umma juu ya matumaini ya kumpata Mukwege kila wilaya.

Njia ya kutoka katika pingamizi hilo tunayo mlangoni. Zahanati na vituo vya afya vingi vinaongozwa leo na wauguzi na matabibu, kwa maana ya leo ya watoa tiba wasio na shahada ya udaktari. Tangu fedha zianze kuingia moja kwa moja, mfawidhi wa zahanati anaandaa mpango wa mwaka, anasaini malipo pamoja na kamati ya wananchi, anaagiza dawa, anatetea bajeti yake mbele ya halmashauri, na jioni anampokea mama mwenye uchungu. Anayasoma madaftari yote mawili kila siku, peke yake, mara nyingi bila mhasibu. Baada ya miaka kumi ya kazi hiyo, akiongeza shahada, kwa desturi yetu bado hafikiriwi kuongoza hospitali ya wilaya, kwa kuwa si daktari. Nafasi hupewa kijana aliyemaliza mafunzo ya vitendo juzi. Wizara ingeweza kuanza na halmashauri chache: nafasi itangazwe, masharti yawe utumishi wa kitabibu wa aina yoyote, masomo ya uendeshaji, na rekodi ya kituo alichotoka, ya vifo na ya fedha, iwekwe mezani mbele ya jopo la usaili. Daktari aombe, muuguzi aombe, tabibu aombe.